Machi ya Anjouan

Jumamosi, 15 Machi 2008, Mbeya

Antena ya redio imekatika asubuhi, ikiwa juu ya kabati, haijaguswa na mtu. Nimefunga waya wa shaba mahali pake na kuutoa nje dirishani. Sauti inapatikana, ila mvua ikinyesha inazama, na mvua imeanza saa sita mchana mpaka sasa. Katika taarifa ya habari nimeambulia vipande: Komoro, Anjouan, Kanali Mohamed Bacar, askari wa Tanzania watakuwamo.

Mama mwenye nyumba amekuja kusimama mlangoni, kajifunika kitenge juu ya sweta. "Mwalimu, wanasemaje?" Mwanawe yuko jeshini na tangu mwishoni mwa Februari simu yake haipatikani. Wenzake wa hapa mtaani wanasema kaenda kisiwani. Nikamweleza nilichosikia. Akaniomba nirudie.

Jumatano, 19 Machi

Paa la darasa la kidato cha pili linavuja, na leo limevuja juu ya meza yenye atlasi. Kurasa za Bahari ya Hindi zimegandana. Tulipojaribu kuzibandua, Madagaska ikachanika.

Nikachora ubaoni. Pwani ya Msumbiji upande huu, Madagaska upande ule, na katikati Ngazija, Mwali, Nzwani na Maore. Nzwani ndicho kisiwa ambacho redio inakiita Anjouan, na Maore ndiyo Mayotte. Komoro ilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, Mayotte ikabaki mikononi mwa Ufaransa. Mwaka 1997 Anjouan ikajitangaza kuwa imejitenga. Katiba ya 2001 ikairudisha Anjouan katika Muungano wa Komoro kwa mpango kwamba kila kisiwa kiwe na rais wake, na urais wa Muungano uzunguke. Juni mwaka jana Bacar, rais wa Anjouan, akafanya uchaguzi wake huku Umoja wa Afrika na serikali ya Muungano huko Moroni wakimkataza, kisha akajitangaza mshindi. Oktoba akawekewa vikwazo. Hajang'oka.

Binti mmoja wa nyuma akauliza kwa nini watoto wa Mbeya wakafie huko. Nikamjibu kwamba Rais Kikwete ndiye mwenyekiti wa Umoja wa Afrika tangu mwisho wa Januari, na nchi yetu yenyewe ni muungano wa bara na visiwa. Mtu akiachwa avunje muungano wa jirani kwa bunduki, sisi tunakuwa tumejifunza nini? Alinitazama kwa makini. Kengele ikalia kabla hajasema kama ameridhika.

Ijumaa Kuu, 21 Machi, njiani kwenda Iringa

Basi limepata pancha karibu na Igawa. Tairi la akiba nalo halikuwa na upepo, tukasubiri lipelekwe kujazwa. Abiria wawili walikuwa wakibishana habari za Komoro. Mmoja alisema Rais Thabo Mbeki wa Afrika Kusini ana haki, mazungumzo yaendelee. Mwenzake akasema mazungumzo yamekwenda tangu mwaka jana na Bacar anazidi kununua muda. Mimi niko na huyu wa pili. Nasema hivyo nikijua mama mwenye nyumba hajalala vizuri mwezi mzima, na simwoni kuwa na kosa akinichukia kwa hilo.

Tumefika Ipogolo usiku. Begi langu lilikaa chini ya gunia la viazi la mtu na shati la Pasaka limelowa tope.

Jumapili ya Pasaka, 23 Machi, Iringa

Shati limefuliwa jana, halikukauka. Nimekwenda kanisani na sweta limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Kamwene," baba mkwe alinipokea, na kabla sijakaa akauliza habari za kisiwa. Yeye aliandikishwa mgambo mwishoni mwa 1978, Idi Amin alipovamia Kagera na kutangaza kwamba ardhi ya kaskazini mwa mto ni ya Uganda. Majeshi ya Amin yalikuwa yamelivunja daraja la Kyaka. Malori na mabasi ya watu yakachukuliwa kubeba askari. Nilimwuliza walifikaje Kampala ile Aprili 1979. Akaonyesha miguu yake. Ana rafiki wa Kalenga aliyezikwa Kaboya, kule Muleba, pamoja na mamia ya wenzake. Kila Siku ya Mashujaa anamtaja kwa jina, na leo pia alimtaja.

"Mkwe," aliniambia, "sisi tulitembea. Ukizidiwa unarudi nyuma, kuna migomba, kuna kijiji. Hawa wanashuka kwenye boti. Nyuma yao ni maji."

Mtoto alikanyaga kidumu cha ulanzi kikamwagika chote ukumbini. Mzee hakugeuka. Aliendelea kuuliza: boti ni kubwa kiasi gani? Wanajua kuogelea? Sikuwa na jibu hata moja, na nilitamani ningekuwa nalo.

Jumanne, 25 Machi, njiani kurudi

Wamekwenda. Tuliposimama Mafinga kula, televisheni ya hotelini ilikuwa inaonyesha. Askari wa Umoja wa Afrika wapatao 1,350, wa Tanzania na Sudan, wakiwa na jeshi la Komoro, wamevuka kutoka Mwali na kushuka Anjouan alfajiri. Uwanja wa ndege wa Ouani umeshikwa, Mutsamudu imeshikwa, watu wako barabarani wanashangilia. Mtangazaji alipofika kwenye habari za majeruhi umeme ukakatika.

Nikatoa simu nimpigie mama mwenye nyumba. Betri imekwisha. Nikaazima ya jirani yangu wa kiti, nayo haina salio. Kondakta akapiga honi. Kutoka pale mpaka Uyole nilichokuwa nacho kichwani ni lile neno majeruhi.

Alhamisi, 27 Machi, Mbeya

Mtoto wa mama mwenye nyumba alipiga simu jana mchana. Mama alikuwa Mwanjelwa na simu yake ilikuwa kwenye kibanda cha kuchajia. Kijana wa kibandani alisikia ikilia akaiacha, kwa sababu haruhusiwi kupokea simu za wateja. Namba ni ngeni, tukiipiga haiiti. Mama amekaa nayo mkononi tangu jana na hataki kuipeleka tena kuchajiwa, ingawa imebaki kijistari kimoja. Nimempa betri yangu. Haiingii.

Redio inasema Bacar ametorokea Mayotte kwa boti. Askari wamevuka bahari usiku, raia wamesubiri miezi, na yeye amekimbilia kisiwa cha Komoro ambako bendera ya Ufaransa inapepea. Nimekasirika kiasi cha kushindwa kusahihisha madaftari.

Jumamosi, 29 Machi

Amepiga tena, saa moja asubuhi, na safari hii mama alikuwa nayo. Mzima. Yuko Mutsamudu, ana kikohozi, anasema anaelewana na wenyeji kwa maneno mengi. Simu ilizimika katikati ya sentensi, lakini alikuwa ameshasikia sauti. Alikuja kunieleza, akarudi ndani, akatoka tena kunieleza kuhusu kikohozi.

Bacar amehamishiwa Réunion. Nadhani arudishwe Moroni akahukumiwe, na yasikilizwe mashtaka ya wale aliowafunga. Nimemwandikia baba mkwe barua nikimweleza kwamba kijana yuko salama na kwamba swali la kuogelea sijamwuliza. Posta imefungwa mpaka Jumatatu.