Makato Hayana Jinsia
Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, hukata asilimia 2.75 ya mshahara bila kumdadisi mtu. Hapa Wabera, mjini Isiolo, uwe ulizaliwa ukaitwa mvulana na leo unavaa dera na kujitanda mtandio, makato yako hupokelewa vilevile. Pesa hazina haya. Maswali huanza siku unapotaka mshauri nasaha.

Karani huitazama picha ya kitambulisho, akakutazama wewe, akairudia picha. Kisha humwita mwenzake aje naye ajionee. Foleni nzima, ambayo nusu yake ni ukoo wako, hunyoosha shingo. Ukibahatika kumfikia mshauri, utakuta wewe ndiwe mwalimu, na karo unalipa wewe. Umweleze kwamba Shirika la Afya Duniani liliiondoa hali yako kwenye magonjwa ya akili, katika mwongozo ulioanza kutumika 2022. Yeye akuulize kama umewahi kujaribu dua, au kuoa.

Utaambiwa wajuzi wako Nairobi. Naam, zaidi ya kilomita 250, na nauli haimo kwenye bima. Nairobi hiyohiyo ndiko Audrey Mbugua, mwanamke mwenye hali kama yako, alikolazimika kulishtaki Baraza la Mitihani ili jina libadilishwe na alama ya jinsia iondolewe kwenye cheti chake. Mahakama Kuu ikampa haki 2014. Basi kabla ya kutibiwa huzuni, tafuta wakili. Huyo naye SHA haimlipii.