Plagini Haionekani? Watuhumiwa Saba, Sugu Awe wa Mwisho

Umeandika `pip install`, maandishi yakamiminika, ukaambiwa kazi imekwisha. Unafungua programu: plagini haipo. Unasakinisha tena, na pip inakujibu kwamba ulichoomba kimeshatimizwa, asante, anayefuata! Usifute kitu kwanza. Tuwaite watuhumiwa.

7. Programu haijazimwa
JupyterLab iliyowashwa asubuhi huenda haina habari na plagini iliyoingia saa nane mchana. Zima seva, iwashe tena. Kufunga kichupo cha kivinjari si kuzima seva, hata ukikifunga kwa hasira.

6. Majina matatu, mhusika mmoja
Plagini moja yaweza kuwa na jina la kusakinishia, jina la kuitwa ndani ya msimbo na jina la kwenye mipangilio, na yote yasifanane. Unasakinisha `mkdocs-macros-plugin`, lakini ndani ya `mkdocs.yml` unaandika `macros`, basi. Unasakinisha `pytest-cov` yenye kistari juu. Moduli yenyewe ni `pytest_cov`, kistari kimeshuka chini. Ukilisahau jina, kalisome kwenye maelezo ya plagini, usibahatishe. PyPI ni ghala lililo wazi kwa kila mtu, na wahuni wamekwisha kupakia humo vifurushi vyenye majina maarufu yaliyokosewa herufi moja makusudi, wakivizia vidole vyenye haraka.

5. Umeifukuza mwenyewe
MkDocs huja na kisanduku cha kutafutia bila kuombwa. Siku unapoandika sehemu ya `plugins:` ili kuongeza plagini yako ya kwanza, MkDocs inachukulia kwamba hiyo ndiyo orodha kamili. Usipotaja `search`, kisanduku kinaondoka kimyakimya. Mgeni kaingia, mwenye nyumba katoka.

4. Kuna aliyeifungia
Kwa watu wa pytest: angalia kama kigezo cha mazingira `PYTEST_DISABLE_PLUGIN_AUTOLOAD` kimewekwa, au kama kwenye mipangilio kuna `-p no:` ikifuatwa na jina la plagini yako. `pytest --trace-config` itakutajia waliohudhuria.

3. Imestaafu
Zile nbextensions ulizozizoea kwenye Jupyter Notebook ya zamani hazifanyi kazi tena tangu toleo la 7, lililotoka 2023. Unaweza kuzisakinisha mpaka kesho kutwa. Tafuta mbadala uliotengenezwa kwa JupyterLab, maana Notebook 7 imejengwa juu ya msingi huohuo.

2. Utambulisho umepitwa na wakati
Huyu huwapata wanaojitengenezea plagini. Pytest haipekui folda zako ikitafuta vipaji. Inasoma faili dogo, `entry_points.txt`, lililo ndani ya folda inayoishia na `.dist-info`, na humo inatafuta kundi liitwalo `pytest11`. Faili hilo huandikwa wakati wa kusakinisha tu. Kwa hiyo hata kama ulitumia `pip install -e .`, ambayo huona kila badiliko la msimbo wako papo hapo, kiingilio kipya ulichokiongeza kwenye `pyproject.toml` hakitaonekana mpaka urudie amri hiyo. Msimbo ni wa leo, utambulisho ni wa juzi.

1. Python si moja
Sugu mwenyewe. Kompyuta moja inaweza kuwa na Python ya mfumo endeshi, ya Conda, uliyoipakua python.org, na nyingine ndani ya kila `.venv`. Kila moja ina `site-packages` yake, na hazitembeleani. Pip uliyoiita inahudumia mojawapo. Programu inaendeshwa na nyingine. Plagini haijapotea hata kidogo. Imesakinishwa vizuri kabisa, kwa jirani.

Andika `pip --version`: mwisho wa mstari utaona ni folda ipi na Python ya toleo gani. Kisha ihoji programu. Ndani ya daftari la Jupyter, `import sys` halafu `sys.executable`. Majibu yakipishana, umemkamata. Kuanzia hapo tumia `python -m pip install`, ukiitaja Python ileile inayoendesha programu.

Jupyter ina ujanja wa ziada. `%pip install` hupeleka kifurushi kwa kerneli ya daftari, wakati plagini inayobadili sura ya JupyterLab yenyewe hutakiwa kuwa kwenye mazingira yaliyowasha seva. `jupyter labextension list`, ukiitoa kwenye mazingira hayo, ndiyo shahidi wa kuaminika. Na kama MkDocs yako ilikuja kwa pipx, ujue pipx huitenga kila programu peke yake. Plagini huingizwa kwa `pipx inject mkdocs mkdocs-macros-plugin`.

Kwenye Debian 12 kwenda mbele, pip inagoma kuigusa Python ya mfumo na kukuonyesha `externally-managed-environment`. Hapo hakosekani mshauri wa kukwambia uongeze `--break-system-packages`. Lisome tena hilo jina, polepole. Badala yake jitengenezee mazingira yako: `python3 -m venv` imo ndani ya Python tangu 2012. Debian ikidai haina, `sudo apt install python3-venv`, na hiyo ndiyo `sudo` pekee utakayoihitaji leo.