Diski Zenye Tangi la Mazuti

Barua ya kuomba profoma ilipotoka ofisini kwetu ilikuwa na kurasa nne, na ukurasa wa tatu wote ulihusu jenereta. Kijana wetu wa kompyuta aliambiwa aandike mahitaji ya kampuni kuhusu kuhifadhi data, kwa Kifaransa cha heshima, chenye vifungu na namba, kama wanavyoandika watu wa migodi. Akatafuta mfano wa kuiga. Aliopata ulikuwa wa mtu aliyetaka kununua jenereta. Akabadilisha kichwa cha barua, akabadilisha neno hapa na pale, na palipomshinda akapaacha. Ndiyo maana wauza diski wa Lubumbashi waliombwa waeleze chombo chao kinapiga kelele kiasi gani ukisimama mita saba, kinakunywa mazuti lita ngapi kwa saa, na kama tangi lake lina kufuli.

Patroni akatia sahihi, muhuri ukapigwa, na barua ikaondoka. Nilipoiona nakala nilimwambia tuombe irudi. Akakataa. Barua yenye muhuri hairudishwi, alisema. Watu watadhani kampuni imefilisika.

Sisi ni mawakala wa forodha. Tunakula kwa malori yanayopita Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, kilomita 90 hivi kutoka hapa mjini. Shaba inatoka, na karibu kila kitu kingine kinaingia, kuanzia unga wa bukari hadi matairi. Kila lori moja huzaa rundo la karatasi, na siku hizi rundo zima hupigwa skana. Tangu Kongo iingie OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika yenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, sheria inataka vitabu vya hesabu na vielelezo vyake vitunzwe miaka 10. Vyetu vilikuwa vimetawanyika: vingine kwenye kompyuta za wafanyakazi, vingine kwenye flashi zisizo na vifuniko, na vile vya thamani kabisa kwenye diski moja ya nje iliyokaa ndani ya mkoba wa mama mhasibu, pamoja na Biblia na chupa ya maji. Kila jioni diski hiyo ilipanda teksibasi ikaenda kulala nyumbani kwake, mtaa wa Katuba.

Wataalamu wa kuhifadhi data wana kanuni yao: nakala tatu, juu ya vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na ofisi. Mama mhasibu hakuwahi kuisikia kanuni hiyo, lakini sehemu ya mwisho alikuwa akiitimiza kwa uaminifu miaka yote, kwa nauli yake mwenyewe.

Kila muuzaji aliyepiga simu aliuliza swali lile lile: mna data kiasi gani? Hakuna aliyejua. Patroni alijibu "mingi sana", jibu ambalo kwa muuzaji ni sawa na kumkabidhi pochi. Basi kijana akatumwa kupima, na akarudi na terabaiti sita. Nikashangaa. Hati iliyopigwa skana vizuri haifiki hata megabaiti moja. Ili ufikishe terabaiti sita kwa hati peke yake, ingebidi Zambia nzima ihamie kwetu.

Tukafungua mafaili. Kulikuwa na harusi. Kulikuwa na mahubiri ya saa tatu tatu. Na katika karibu kila kompyuta, kuanzia ya mapokezi hadi ya patroni, kulikuwa na nakala ya mechi ya TP Mazembe na Internacional ya Brazil, Abu Dhabi, tarehe 14 Desemba 2010: bao la Kabangu, bao la Kaluyituka, na kipa Kidiaba akishangilia kwa kurukaruka chini kwa makalio. Siku hiyo klabu ya Afrika iliingia fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu kwa mara ya kwanza, na klabu yenyewe ilikuwa yetu. Fainali tulifungwa 3-0 na Inter ya Milan. Ya fainali haikupatikana hata nakala moja. Wahifadhi nyaraka huzungumza sana kuhusu kuchagua kitu cha kutunza na kitu cha kutupa. Ofisi yetu ilikuwa imeshachagua bila kuhudhuria semina yoyote.

Nikapendekeza ibaki nakala moja ya mechi, nyingine zifutwe. Patroni alinitazama muda mrefu.

"Mama, ile iko kumbukumbu ya kampuni," akasema. Ikaandikwa katika mahitaji.

Wa kwanza kuleta profoma alikuwa kijana mwenye duka katikati ya mji, anayeuza chaja, simu na wino wa printa. Profoma yake ilikuwa na mstari mmoja: diski za nje, vipande kumi, na bei ya jumla. Nikampigia nimuulize diski ikifa tutafanya nini.

"Mama, iko na garantii."

"Na data iliyo ndani?"

"Ah, data haina garantii. Ni diski tu."

Katika zoezi zima sikupata jibu la kweli kuliko hilo.

Wa pili walikuja watatu, wamevaa suti, na projekta. Walituonyesha chumba chenye kiyoyozi usiku na mchana, mlango unaofunguka kwa alama ya kidole, na seva mbili zinazolindana. Bei ilikuwa kwenye ukurasa wa mwisho, bila kodi ya TVA, na TVA kwetu ni asilimia 16. Patroni alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Halafu wakaomba waone chumba kitakachojengwa upya. Chumba pekee kilichokuwa wazi ni pale mlinzi anapopikia bukari. Wakachungulia, wakaaga.

Wa tatu aliuza wingu. Hakuna kununua chombo, alisema, ni kulipa kila mwezi, na data inakaa salama nchi za mbali. Kijana wetu akachukua kikokotoo. Mstari wetu wa intaneti siku njema hupandisha megabiti tano kwa sekunde. Terabaiti sita kwa mwendo huo ni siku 111, usiku na mchana, bila kukatika. "Bila kukatika" ndipo mama mhasibu alipoanza kucheka. Umeme wa bwawa la Inga hufika Kolwezi kwa laini ya kilomita kama 1,700 iliyokamilika mwaka 1982, na ukishaunga safari hadi soketi yetu huwa umechoka. Muuza wingu akasema umeme ni shida ya upande wetu, upande wa wingu hakuna shida. Patroni naye alikuwa na swali lake: hiyo data ikienda nje, itapita Kasumbalesa? Na kama itapita, nani ataitolea tamko?

Wa nne alijibu barua nzima, kifungu kwa kifungu, ukurasa wa tatu ukiwemo. Alitoa sanduku la diski nne linalokaa juu ya meza, pamoja na betri ya kulishikilia umeme unapokatika hadi lijizime taratibu. Kelele: chini ya feni ya ofisi. Matumizi ya mazuti: lita sifuri kwa saa. Tangi: halihitajiki, lakini endapo mteja atasisitiza, tangi la lita 200 lenye kufuli linapatikana kwa gharama ya ziada. Bei ya tangi ilikuwa kwenye mstari wake, na TVA yake.

"Huyu amesoma," patroni akasema. Nilikubaliana naye, na mpaka leo naona ilikuwa njia nzuri ya kuchagua. Muuzaji aliyevumilia kurasa zetu nne atavumilia kutufundisha.

Akaja na sanduku la kuonyesha. Diski nne, kila moja terabaiti nane. Patroni hahitaji kikokotoo kwa hesabu ya namna hiyo: 32. Sanduku likawashwa, taa zikamulika kijani, na kwenye kioo ikatokea 21.8.

Kukawa kimya. Kisha patroni akauliza, kwa sauti anayowawekea madereva, kumi zimeshukia wapi. Muuzaji akaeleza kwa upole. Nafasi sawa na diski moja inaliwa na bima: ikifa moja kati ya nne, tatu zilizobaki zinaweza kuirudisha. Zinabaki 24. Halafu kiwanda huhesabu kwa elfu, elfu, elfu, ila kompyuta huhesabu kwa 1,024, na tofauti hiyo hukua kila unapopanda ngazi.

"Hata sukari haipungui hivi njiani," patroni akasema. Mama mhasibu alitaka noti ya mkopo kwa terabaiti zilizopungua. Patroni akapata wazo bora zaidi: yeye naye atalipa kwa dola za kiwandani, na muuzaji akifika nyumbani azihesabu apendavyo.

Garantii ilikuwa miaka mitano. Sheria inataka kumi. Niliuliza ile mitano ya mwisho nani anailinda, na hakuna aliyeinua mkono. Hapa hapa mjini, mwaka 1965, André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo, kwa niaba ya waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani wa wazungu. Yalikuwa maandishi ya taipu tu, na bado yanasomwa. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliyachapisha upya mwaka 1990. Hayakuwa na garantii wala taa za kijani. Niliyataja kikaoni. Kijana wa kompyuta akauliza taipu inabeba gigabaiti ngapi.

Tukalipa arubuni. Muuzaji akainua noti ya dola mia, akaipeleka dirishani, akaona mpasuko ukingoni, mdogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho, akairudisha. Patroni akatoa nyingine. Hiyo ilikuwa nzima lakini mtu alikuwa ameiandikia namba ya simu. Ya tatu ikapita.

Sanduku letu jipya lilikuja kwa lori kutoka Afrika Kusini, likasimama kwenye foleni ya Kasumbalesa nyuma ya malori ya wateja wetu. Kwa mara ya kwanza tulikuwa upande wa pili wa simu. Patroni, ambaye kila siku huwaambia wateja "subira, bwana, iko njiani kutoka", alimpigia wakala wetu wa mpakani asubuhi, mchana na jioni, na kila mara akaambiwa subira, bwana, iko njiani kutoka.

Mama mhasibu hana utani na taratibu. Alifungua faili jipya, akaandika jina la kampuni yetu mahali pa mteja, akajumlisha ada ya tamko, ada ya kufuatilia na ada ya skana, akaipeleka ankara mezani kwa patroni. Patroni aliisoma mstari kwa mstari, akavua miwani, akaifuta.

"Hawa watu bei yao iko juu sana," akasema. "Tuombe profoma tatu kwa mawakala wengine."