Damu ya Mzee

Shangazi alipiga simu Jumatatu saa mbili asubuhi, na kama kawaida yake hakuanza na keki. Alianza na mvua, akapitia kwenye mguu wake unaomsumbua, akawaulizia watoto mmoja mmoja kwa jina, ndipo akatua: "Sendofu ni Jumamosi. Keki utatengeneza wewe mama. Rangi yetu ni damu ya mzee."

Nikasema, "Haina shida, Shangazi." Midomo mingine ingefaa ifungwe kwa nailoni.

Kiswahili kimejaa rangi tamu kutamka: maji ya kunde, majani mabichi, damu ya mzee. Ukizisikia unadhani zimekwisha kuchanganywa, zimo koponi, kazi yako kufunua tu. Sasa weka mbele yako kilo mbili za fondanti nyeupe pe, halafu uambiwe itokee damu, tena ya mzee, si ya kijana.

Kwa ambaye hajawahi kugombana nayo, fondanti ni sukari ya unga iliyokandwa kwa jelatini, glukosi na glisirini mpaka ikawa donge laini. Unalisukuma kama chapati na kuivika keki, mfano wa shuka kitandani. Ya tayari inauzwa Kariakoo, hata yenye rangi, lakini bajeti niliyopewa na kamati ilikuwa ya keki ya kunywea chai. Nikaamua kutengeneza mwenyewe. Nikanunua kila kitu, pamoja na chupa ya glisirini ya kuliwa. Jumatano nikaikuta imebaki nusu, na miguu ya mume wangu inang'aa kama ya mtoto wa kipaimara.

"Hii ya safari hii mbona haina marashi?" akaniuliza.

Nilikanda kwa nusu iliyobaki. Kosa langu la kwanza likawa rangi ya maji, ile ya vichupa tunayotilia juisi. Sukari na maji zinajuana tangu zamani; mara tu zilipokutana donge likalegea, likawa gundi, likashika kibao, kifimbo cha chapati na pete yangu ya ndoa. Ikabidi donge zima niliage, nianze upya kwa rangi ya jeli, ambayo ni nzito na haina maji mengi, kwa hiyo hailegezi kitu. Mafundi huichota kwa kijiti cha meno. Kijiti kimoja kilinipa waridi ya soksi za kichanga. Vijiti vitano, waridi ya ufizi. Weupe wa ile sukari ulikuwa unameza kila nilichotia, kama mchanga unavyomeza maji. Nikatupa kijiti, nikachukua kijiko. Ikaja nyanya, ikaja pilipili. Hapo nikaongeza kahawia kidogo, na bluu kiasi cha kuchovya ncha ya sindano, nikakanda mpaka mabega yakaanza kulia.

Nikaionja. Chungu! Rangi ikizidi ndivyo inavyokuwa. Nilidhani nimetafuna mwarobaini uliovaa sukari. Lakini nani hula fondanti? Watu huibandua wakaiweka pembeni ya sahani. Nikajifariji hivyo.

Hiyo ilikuwa Alhamisi, saa nane usiku, na umeme ulikuwa umekatika tangu saa nne. Nimewasha mshumaa, mkono mmoja nimeshika kipande cha kitambaa cha sare, mwingine donge, nalinganisha. Glavu zilikuwa zimepasuka zamani. Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yetu, mzee wa watu, ameona mwanga akaja kuuliza kama hata kwetu umeme hakuna. Nikamfungulia nikiwa mwekundu hadi viwikoni, kisu kimelala mezani nyuma yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," akasema, huku macho hayapo usoni kwangu. "Mwanangu, kuna usalama? Hiyo nini?"

Na mimi, kwa usingizi na uchovu, nikajibu kwa moyo mkunjufu kabisa: "Damu ya mzee, mzee."

Sikujua kuwa magoti yale bado yana mbio. Asubuhi mke wake alikuja kuazima chumvi, akakaa sana, akiangalia chini ya meza.

Basi nikafungua ile nailoni niliyofungia donge langu. Jeli haimalizi kazi usiku ule ule unaoikanda. Inaendelea kukolea kimyakimya nawe umelala. Niliiacha ikiwa damu ya mzee, nikaikuta damu ya marehemu. Ikabidi nikande nyeupe tena ndani yake ili kumfufua. Nikasukuma, nikanyunyizia kibao unga wa wanga usishike, nikavika keki ya ghorofa mbili, chini nyeupe, juu damu. Ule unga ukabaki juu ya wekundu kwa madoadoa, keki yangu ikawa na mapunye. Nilimtibu kwa kumpaka mafuta ya kupikia ya kuganda, kidogo kidogo kwa kidole, na kweli alipona, akang'aa kama miguu ya mume wangu.

Umeme uliporudi nikafurahi nikamwingiza kwenye friji. Hilo ndilo kosa ambalo hata leo nikilikumbuka naziba uso. Keki iliyotoka kwenye baridi, ikakutana na Dar es Salaam ya mwezi wa tatu, hewa nzito ya kukamua kwa mkono, hutoka jasho mwili mzima. Dawa yake ni kuiacha mbele ya feni bila kuigusa mpaka ikauke. Mimi niliipakia kwenye bajaji. Tulipofika ukumbini ghorofa ya juu ilikuwa inachuruzika michirizi myekundu kwenye ile nyeupe ya chini, na dereva aliniuliza kwa sauti ya chini kama nataka tupitie hospitali.

Mshereheshaji, Mungu ampe maisha marefu, aliitazama, akatazama wageni, akatangaza kuwa keki hii imetokwa na machozi ya furaha kwa ajili ya bibi harusi. Wakapiga vigelegele. Kisha akaharakisha watu kwenye keki ya asili, yaani ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma aliyesimama mezani na majani mdomoni. Nilimtazama yule mbuzi kwa wivu. Hana rangi ya kuchuja.

Na ile fondanti niliyosema hailiwi? Waliila yote, machungu yake wakayasukuma kwa soda. Picha za pamoja zilipopigwa, kamati nzima ilikuwa imetafuna mtu.

Shangazi alinivuta kando ya jukwaa. "Mama, keki nzuri, lakini hebu niambie ukweli. Ile rangi ndiyo niliyokuagiza? Mimi naona kama ilikupotea."

Sikubishana naye. Nikafungua kamera ya mbele ya simu, nikamshikia kama kioo, nikamwomba atoe ulimi. Akautoa. Ulimi na gauni: rangi moja, bila kupungua wala kuzidi.