Utulivu kwa Sindano Mbili

Uamuzi wa kutafuta amani ya moyo kwa kufuma humjia mtu usiku, simu iko mkononi na kodi ya nyumba haijalipwa. Umeona video: mzungu kakaa dirishani, nje theluji inaanguka, paka kalala miguuni, sindano zinagongana taratibu. Ukajiambia, na mimi nastahili. Unastahili kabisa. Ondoa theluji, ondoa paka, weka Mbagala mwezi wa pili, tuanze.

Nunua vifaa kwanza, maana utulivu usio na risiti hauhesabiki. Shuka Kariakoo ukachukue nyuzi za rangi saba zisizoelewana, sindano za kila unene, na kikapu cha ukili cha kuvitia vyote hivyo. Kipige picha kikapu kabla hujakigusa, kwa sababu hakitapendeza hivyo tena.

Wapo watu, hasa waliokulia kwenye baridi, watakaokwambia kwamba wao walifumia spoku za baiskeli zilizosuguliwa ncha kwenye saruji, na uzi waliupata kwa kufumua sweta la mtumba. Hao hawajui lolote kuhusu kujijali. Ila kama hela imekata, maarifa yao ni haya. Ukilishika sweta mnadani, lipindue utazame mshono wa ubavuni. Kama kitambaa kilikatwa kwa mkasi kikapigwa ovaloki, lirudishe kwenye fungu, kwa sababu ukilifumua utaambulia vipande vifupi vifupi vya uzi. Kama kila upande ulifumwa na ukingo wake, kisha ukaunganishwa na mwenzake, lipia. Uzi utakaotoka utakuwa umejikunjakunja. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu tatu nne usije ukatatizika, ufue, uuanike huku umeuning'inizia chupa ya maji kwa chini. Ukikauka umenyooka. Kazi hiyo peke yake ingetosha kumtuliza mtu, lakini haina picha nzuri, kwa hiyo tuendelee.

Utahitaji ushahidi wa kisayansi, hasa kama mwenzako ameona ulivyotumia hela. Upo. Mwaka 2013 jarida moja la Uingereza la wataalamu wa tiba kwa shughuli lilichapisha matokeo ya dodoso lililojazwa na wafumaji zaidi ya 3,500 wa nchi mbalimbali, na wale waliofuma mara nyingi ndio waliosema zaidi kwamba kufuma huwapa utulivu na furaha. Litaje dodoso hilo kwa sauti ya kujiamini. Usiongeze kwamba kumuuliza mfumaji kama kufuma ni kuzuri ni sawa na kumuuliza shabiki wa Yanga kuhusu Yanga.

Sasa kaa. Ufumaji wote wa sindano mbili, ukiacha mbwembwe, ni miondoko miwili: kukivuta kitanzi kije mbele, na kukisukuma kiende nyuma. Ukifuma safu moja hivi na safu inayofuata vile, unapata kitambaa laini kama kile cha masweta ya shule, na kingo zake hujikunja zenyewe. Skafu yako ya kwanza itajikunja mpaka iwe bomba. Ungeweza kulizuia hilo kwa kufuma mishono michache ya pembeni kwa mwondoko mmoja safu zote, lakini mtu anayeishi katika wakati uliopo hasomi maelezo ya mbele.

Pumua. Hesabu mishono. Wataalamu wa kutulia wanasisitiza kwamba wazo likija uliache lipite bila kulihukumu. Ukifika mshono wa 83, mtoto atauliza chumvi iko wapi. Usimhukumu. Anza upya. Ukifika wa 79 umeme utakatika, feni itasimama, na uzi ulioandikwa sufu lakini ni plastiki tupu utaanza kunata vidoleni. Jasho ni sehemu ya safari. Mbu pia.

Kuna hatua ambayo wafumaji wazoefu huitilia mkazo kupita kiasi: kufuma kipande kidogo cha majaribio, kukifua, kisha kuhesabu ni mishono mingapi inaingia katika sentimita 10. Iruke. Tuseme maelezo yanataka mishono 22 na mkono wako mlegevu unatoa 20. Tofauti ya mishono miwili, nani anajali? Mishono 220 iliyokusudiwa kifua cha sentimita 100 itakupa sentimita 110, na sweta la mume litawafaa mume na mgeni wake. Mwambie ni mtindo.

Wanaume wanaosoma hapa kwa kujificha wajitokeze. Katika kisiwa cha Taquile, nchini Peru, wanaume ndio wanaofuma kofia, na UNESCO inaitambua sanaa ya nguo ya kisiwa hicho kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Na hapa hapa pwani wapo wanaume wanaoshona kofia kwa mkono, kitobo baada ya kitobo, wala hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wanafanya tiba.

Tahadhari moja ni ya dhati: ukoo usijue. Siku shangazi akikuona na sindano, amani imekwisha. "Si ufume tu kale kasweta kadogo ka mtoto wa Asha, mwanangu, uzi si unao?" Uzi unao kweli, lakini Asha anajifungua mwezi ujao, wifi anafuata, na kila kasweta kadogo kana kofia yake na soksi zake. Kama ulisoma shule ya msingi enzi za Sayansi Kimu, unakikumbuka kitambaa kilichotakiwa kupelekwa shuleni Ijumaa, na unakumbuka pia nani alikesha akikifuma Alhamisi. Mama yako hakulipwa. Wala wewe hutalipwa.

Ukichoka, na utachoka, nenda kwa yule mama wa mtaani anayefuma vitambaa vya makochi. Kila mtaa unaye. Anatumia sindano moja tu, fupi, yenye kulabu, na ndiye aliyevisha makochi ya mtaa mzima, meza, redio, friji na hata televisheni, kitambaa chenye maua kikining'inia nusu ya taarifa ya habari. Utamkuta kibarazani anauza mkaa, anamchunga mjukuu, anagombana na mtu kwenye simu, na mkono unakwenda. Haangalii. Ua la kwanza linakwisha, la pili linaanza, na ugomvi wa simu haujafika katikati.

Msalimie shikamoo, ukae kwenye benchi, umuulize hujisikiaje akiwa anafuma. Atakutazama kwa muda. Kisha atakuuliza kama wewe ndiye uliyetumwa kuleta salio la seti ya makochi, ile ya krimu, maana mwenye nayo aliahidi mwisho wa mwezi na sasa ni tarehe 9.

Mwambie hapana, umekuja kujifunza. Atakupa kazi isiyopendwa na yeyote: rundo la maua yaliyokwisha, kila moja na ncha zake mbili za uzi zinazoning'inia, uzipenyeze kwa ndani na kuzificha moja moja. Zitakuchukua mpaka alasiri. Ukimaliza atazikagua, atazifumua mbili ulizozivuta sana mpaka ua likapinda, na atakurudishia uzifanye tena. Usimuulize kuhusu cheti. Na kama kweli unamfahamu yule wa seti ya krimu, mpigie.