Mheshimiwa Anayekula kwa Nywele

Wakubwa husifiwa kwa kumaliza sahani hadi ing'ae. Huo ni uroho uliofundishwa adabu. Mlaji anayestahili kigoda na vigelegele ni mtoto wa mwaka na nusu aliyewekewa bakuli la mukimo katika nyumba yoyote hapa Kangari. Yeye ndiye pekee anayekumbuka kila aliyemo chumbani: ukuta hupata fungu lake, sweta hupata lake, nywele zake hupata donge zima, na mdomo nao hupewa, kama kuna kilichobaki.

Tazama ukarimu wake. Kuku wa boma wanaijua saa yake ya kula kuliko baba yake anavyoijua, na mbwa, ambaye hakupewa hata mfupa Krismasi, amenenepa tangu mheshimiwa aanze kushika kijiko. Waziri gani wa fedha amewahi kugawa bajeti ikawafikia walengwa upesi hivyo?

Kisha kuna vitambaa. Kila msomaji anavifahamu: vyeupe, vya kufuma kwa mkono, vimetandazwa migongoni mwa makochi, vimenunuliwa bonasi ya chai ilipoingia, wala haviguswi ila na mgeni wa kanisani. Sebule ilikuwa makumbusho. Mheshimiwa amekuja na avokado mkononi, akatukumbusha kwamba kochi ni la kukaliwa. Murang'a yetu ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza kwa avokado nchini, lakini sifa hiyo ilikuwa ya magunia na malori tu hadi yeye alipoichora kitambaani, ya kijani asubuhi, ya kahawia jioni. Julai, ukungu unaposhuka kutoka milima ya Aberdare, kitambaa hicho hukaa kambani hadi majirani wakakizoea. Maji ya kukifulia? Sehemu ya maji ya mito ya Irati, Gikigie na Maragua hupita handakini chini ya vilima vyetu kwenda kunywesha Nairobi. Yanayobaki ni ya mheshimiwa.

Wanaomwita mtundu hawajui kwamba ni msomi. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio walilofanyia watoto wa miezi 16. Waliwapa vitu laini na vya majimaji, vingi vikiwa vyakula na vinywaji, wakavipa majina ya kubuni. Waliovipapasa, kuvibonyeza na kuvirusha zaidi ndio waliovitambua vizuri zaidi baadaye, hasa wakiwa wamekaa kwenye kiti chao cha kulia. Sababu yake haina uchawi. Kikombe hujulikana kwa umbo, lakini uji hauna umbo. Asiyeuingiza mkono atautofautishaje na maziwa? Kwa hiyo mkono ukizama kwenye uji wa wimbi hadi kiwiko, ondoa kelele. Mhadhara unaendelea.

Na vidole! Mtazame anavyookota punje ya haragwe sakafuni kwa kidole gumba na cha shahada, taratibu, kama mtu anayehesabu hela za watu. Ndivyo mama yake anavyochuma majani mawili na chipukizi kule shambani. Kiwanda cha chai cha Ikumbi hakijui kwamba mchumaji wake wa kesho anafanyia mazoezi chini ya meza. (Hapa utani usimame kidogo: githeri ya mtoto huyu ipondwe, maana mahindi na njugu nzima huweza kumkaba, na ale akiwa ameketi wima, mtu mzima akiwa karibu.)

Itifaki ya kumhudumia si ngumu. Sweta hutolewa kabla ya karamu, si baada. Chini hutandikwa gunia lililofunguliwa, ambalo kisha hukung'utiwa kuku. Bakulini huwekwa kidogo kidogo, kwa kuwa asichonacho hawezi kukirusha. Apewe kijiko chake, nawe ushike chako. Chakula kipya akikitema leo, kirudi kesho na kesho kutwa. Watoto wengi hukikubali baada ya kuonjeshwa mara 8, 10 au zaidi.

Mzozo uko kwenye kupangusa. Mama, kitambaa mkononi, humfuta kila tonge.

"Mama, mwache," shosho husema. "Ukimpangusa kila kijiko atakichukia kijiko chenyewe."

"Sawa shosho, lakini hilo sweta atalifua nani?"

Shosho hapo hukumbuka ng'ombe hajapewa maji. Hata hivyo namuunga mkono: mtoto apanguswe mara moja, mwishoni, na maji yawe ya vuguvugu.

Nawe msomaji, ukialikwa chakula cha jioni kwa mheshimiwa, njoo na nguo ya rangi ya malenge. Akikunyooshea tonge lililokwisha kutafunwa nusu, lipokee kwa mikono miwili, ushukuru, halafu umtafute mbwa.