Barua ya Wazi kwa Waziri: Naomba Nitambuliwe Kuwa Sina Kazi

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Kazi,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUTAMBULIWA KUWA SINA KAZI, MACHI HADI JUNI

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni dereva wa lori, mkazi wa Makurunge, wilayani Bagamoyo. Hilo la kujiita dereva nimeliandika kwa mazoea tu. Masika yameingia, na kwa miezi hii sina usukani, sina mshahara, na bado kwa mujibu wa makaratasi mimi si mtu asiye na kazi. Ndiyo maana naandika.

Huku kwetu mzigo unafuata jua. Viwanda vya sukari husimamisha mitambo masika kwa matengenezo, kwa sababu miwa haivuniki shamba likiwa tope. Chumvi ya pwani nayo huvunwa kiangazi; mvua ikinyesha inarudi ilikotoka. Udongo mweusi wa bonde la Ruvu ukilowa, lori huzama mpaka kwenye ekseli, na trekta linaloitwa kulivuta nalo huishia kuomba msaada. Barabara ya Bagamoyo hadi Msata ni lami safi, kilomita 64, tunashukuru. Ila miwa haioti kwenye lami.

Basi mvua ikikaza, tajiri mwenye lori hupiga simu. Hafokei mtu wala hatamki neno kufukuza, maana ni mtu mwenye adabu zake. Husema: "Leta funguo, pumzika kidogo, nitakupigia." Ninapeleka. Hapo uani msimamizi wake huhesabu jeki, spana ya magurudumu, turubai na kamba zake, tairi la akiba. Huingiza kijiti kwenye tangi apime dizeli, kisha hukitazama juani kama daktari anayesoma picha ya eksirei. Kila kitu kinaingia kwenye daftari, hata triangle moja iliyovunjika mguu. Kisichoandikwa ni kwamba kuna dereva na utingo wake wametoka getini wakitembea kwa miguu.

Kwa kuwa nina nafasi, nimesoma sheria. Nakupongeza kwa dhati! Tangu mabadiliko ya mwaka 2018, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii una fao la kupoteza ajira. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, ambaye hakuacha kazi kwa hiari, hajafikisha miaka 55 na hana kazi nyingine, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi 6. Nilipofika kwenye miezi 6 nilitabasamu. Masika hayafiki hata huko.

Tabasamu liliisha kwenye vielelezo. Nithibitishe kwamba ajira imekoma. Nilipomwomba tajiri barua, alishangaa kwa uchungu wa kweli: "Nani kakuachisha? Wewe si kijana wangu?" Hivyo kwa tajiri mimi bado ni kijana wake, ila siku ya mshahara mimi ni kijana wa mama yangu. Mvua ndiyo iliyonisimamisha, na mvua haina muhuri.

Hata barua ingepatikana, tungepiga hesabu. Dereva anaishi kwa posho ya safari. Mshahara unaokatwa mchango huwekwa mdogo kwa makusudi ili mchango usimuumize mtu. Chukua mshahara wa 300,000. Asilimia 33.3 yake ni shilingi 99,900. Ile mia iliyobaki kutimiza laki nadhani ni ya bahasha.

Kiinua mgongo nacho nimekisoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, usizidi miaka 10. Mwaka kamili, Mheshimiwa! Tajiri huyohuyo asiyeniachisha huniajiri upya kila msimu, na msimu haujawahi kufika mwaka. Nikiwa na mvi, bado nitakuwa mgeni kazini.

Usidhani Serikali haiijui kalenda hii. Inaijua sana, upande wa sukari. Kila mwaka huzungumzwa pengo la uzalishaji, na vibali vya kuagiza sukari nje vimekuwa vikitolewa ili chai isikose utamu wakati mitambo imelala. Mvua za El Niño zilipovuruga uvunaji na kilo ikapita shilingi 4,000 mwanzoni mwa 2024, nchi nzima ilisimama kuijadili, na mwaka huohuo sheria ikabadilishwa ili Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula nao uweke akiba ya sukari. Pengo la sukari lina bodi, kibali na ghala. Pengo la aliyeibeba hiyo miwa lina duka la Mangi, kwa mkopo, na daftari la Mangi linakaribia kujaa.

Kanada nao wana masika yao, ila yao ni theluji. Ardhi ikiganda, dereva wa tipa husimamishwa. Mwajiri analazimika kutoa hati yenye siku ya mwisho ya kazi na saa alizofanya. Dereva anaipeleka serikalini, na akitimiza masharti hulipwa hadi asilimia 55 ya kipato chake, kwa kikomo kilichowekwa. Bima hiyo wanayo tangu sheria ya mwaka 1940. Siombi asilimia 55, wala siombi theluji. Nimeonea wivu ile hati.

Na hati hiyo ninyi mnayo. Sheria yetu ileile ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi anapoanza, na cheti cha utumishi ajira inapokoma. Mikataba ilikuwa miongoni mwa madai yetu sisi madereva tulipogoma Aprili 10, 2015 na abiria wakakwama kituo cha mabasi cha Ubungo. Zikaja ahadi, ikaja kamati.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kila mwisho wa msimu, kabla funguo hazijakabidhiwa, mtume afisa kazi kwenye yadi za malori huku Makurunge. Asimame pembeni ya yule anayehesabu jeki, na kila dereva na utingo anayetoka aondoke na karatasi yenye jina lake, tarehe na michango iliyopelekwa kwenye Mfuko. Miezi ya msimu mmoja ijumlishwe na ya msimu unaofuata bila mabishano. Afisa asihofu safari: mpaka hapa ni lami, na kwa sasa madereva wa kumwendesha tupo wengi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Dereva (aliyepumzishwa),
Makurunge, Bagamoyo.